Mtu Si Karatasi Yake

Mwanafunzi wa chuo akirudishiwa kazi aliyoandika, huuliza maswali mawili upesi. La kwanza: nimepata ngapi? La pili huliuliza kimoyomoyo: huyu mwalimu ananionaje? Swali la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tujenge vyuo, huchelewa kufika au halifiki kabisa: je, hiki nilichoandika ni kweli?

Nimeyatazama maswali haya kwa karibu tangu nistaafu ukufunzi katika chuo cha ualimu nikarudi kwetu Mhezi, huku juu kwenye milima ya Pare ya Kusini, wilaya ya Same. Vyuo vikifunga, vijana wetu hupanda mlima begi mgongoni. Wakishasalimia wazee na kuonekana shambani, mmoja mmoja huja kwangu na kazi zake. Wanajua nimesahihisha insha maisha yangu yote ya kazi, na wanajua sina tena haraka. Sabato hatugusi kazi za shule nyumbani kwangu. Mimi ni mzee wa kanisa la Waadventista, na hilo halina mjadala. Jumapili ndiyo siku yao. Mara nyingi siku hizi hakuna karatasi, kuna faili kwenye simu, na maoni ya mhadhiri yamepangwa pembeni kwenye visanduku vya rangi. Basi tunapanda kilimani nyuma ya nyumba, mahali mtandao unaposhika, tunasoma tumesimama.

Wanaokuja ni wa aina tatu. Wa kwanza ni yule anayetazama alama tu. Kijana wa mwaka wa kwanza, anasomea ualimu wa sayansi, alinionyesha insha yenye B na maelezo marefu ya mwalimu ukurasa wa mwisho. Nikamuuliza mwalimu amesema nini. Akajibu, "Amesema B, mwalimu." Maelezo yale hakuwa ameyasoma. Alama ilishamwambia kwamba hana sapu, hatadisko, mkopo wake uko salama. Yaliyobaki aliyaona ni mazungumzo tu.

Wa pili ni mtiifu. Huyu husoma kila neno na kutii kila neno, hata lisilomwamuru chochote. Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliandika ripoti ya utafiti kuhusu ndiva, yale mabwawa yetu ya asili ambayo maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na mchana yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Aya moja ilitoka kwa babu yake: nani alipanga zamu zamani, na aliyeiba maji alifanywa nini. Msimamizi wake akaandika pembeni, kwa Kiingereza, swali fupi lenye maana ya "nani alikuambia haya?" Ripoti iliponifikia, aya ile haikuwepo.

"Mbona umeifuta?"

"Mwalimu hakuipenda."

"Ameandika wapi kwamba hakuipenda?"

Akakitazama kile kisanduku cha rangi muda mrefu. Hakikuwa na neno la kukataa. Kilikuwa na swali, na yeye alikuwa na jibu lake nyumbani, hatua chache kutoka pale tuliposimama, amekaa barazani anachambua maharage.

Wa tatu ni mdai haki. Anasomea uhasibu. Alipewa C, na katika insha nzima mwalimu wake aliandika neno moja tu, la kumaanisha kwamba kazi haina kina. Alikuja kwangu hasira zimempanda. Alikuwa ameshaandika rasimu ya barua ya rufaa na ameshakusanya insha za wenzake watatu waliopata B ili alinganishe. "Ana bifu na mimi tangu nilipobishana naye darasani," akaniambia. Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nilimtazama kijana yule nikaona ukoo wetu wote umesimama nyuma yake.

Aina hizi tatu zinaonekana kutofautiana, lakini zimekaa juu ya imani moja. Asiyesoma maoni, anayefuta kwa kutii na anayepanda mahakamani wote wanaamini kwamba karatasi ile ni hukumu juu yao. Wa kwanza ameachiwa huru, kwa hiyo haoni haja ya kusikiliza sababu za hakimu. Wa pili amekiri kosa kabla hajashtakiwa. Wa tatu anapinga hatia. Ndiyo maana nasema suala hili linapita kalamu na sarufi. Ni swali la zamani la dini na falsafa: kazi ya mtu ikipimwa, nani anapimwa?

Nianze na upande wa vijana, maana wana hoja. Milima hii ina historia ya watu waliokataa kupimwa ovyo. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilileta Upare kodi iliyopandishwa kwa kadiri ya mali ya mtu, ikaiita kwa jina la ushuru wetu wa jadi, mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kuipinga. Mwanahistoria Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1971. Ukiyafuata madai yao, utaona kwamba shida yao haikuwa kulipa. Kodi walikuwa wakiilipa siku zote. Walichokataa ni makadirio. Mtu anakuja, anatazama mgomba wako na mbuzi wako, anaandika kiasi, wala hakuonyeshi alipimaje. Mwishowe serikali ikaiacha kodi ile.

Neno moja pembeni ya insha ya kurasa nane ni makadirio ya namna hiyo. Mwanafunzi ameambiwa kiasi, hakuonyeshwa kipimo. Mwaka 1982 Nancy Sommers, mwalimu wa uandishi wa Marekani, aliandika kwamba maoni mengi ya walimu hayaihusu kazi iliyo mbele yao. Ungeweza kuyang'oa kwenye insha hii ukayabandika kwenye ile, yasidhuru. Nikiwa mkufunzi niliona hali inayozaa maoni ya aina hiyo: rundo la insha mezani, tarehe ya kupeleka matokeo kesho kutwa, taa inafifia. Naielewa hali hiyo. Lakini kuielewa hakuifanyi kuwa haki. Anayepima wenzake anadaiwa kuonyesha kipimo, na mhadhiri asiyekionyesha asishangae wanafunzi wakipiga kambi mlangoni kwake.

Kuna jambo jingine linalouma kimyakimya. Vijana hawa nyumbani walizungumza Chasu, lugha yetu Wapare, shule ya msingi wakasoma kwa Kiswahili, kisha sekondari wakavushwa kwenda Kiingereza. Chuoni wanaandika kwa lugha ya tatu. Mwalimu anapopigia mstari sentensi na kuandika kwamba haieleweki, hawezi kujua, na mara nyingi hajiulizi, kama wazo ndilo lililopinda au ni lugha tu iliyokataa kulibeba. Mwanafunzi naye hajui. Anachobaki nacho ni hisia kwamba yeye mwenyewe haeleweki.

Hapo ndipo hukumu ya karatasi inapohamia kwa mtu, na watafiti wameliona hilo. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi za miongo iliyotangulia kuhusu watu wanaopewa mrejesho juu ya kazi zao. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi ya matokeo waliyoyapitia, watu walifanya vibaya zaidi baada ya kuambiwa walivyofanya. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hudhoofu kadiri unavyovuta macho ya mtu yatoke kwenye kazi yaende kwake mwenyewe. Kabla yao, mwaka 1988, Ruth Butler alichapisha utafiti wake kwa watoto wa shule nchini Israel. Baadhi walipewa maoni peke yake, baadhi alama peke yake, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio walioendelea vizuri. Waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidi maoni yale. Wale walikuwa watoto, si watu wa chuo kikuu, lakini niliposoma habari hiyo nilimkumbuka kijana wangu wa B na ule ukurasa wa mwisho alioupita bila kuusoma.

Sasa niwageukie vijana wenyewe. Mwaka 1962 Julius Nyerere alikuwa ameacha Uwaziri Mkuu ili akijenge chama, na mwaka huohuo akaandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Hoja yake kubwa, kwa maneno yangu, ni kwamba ukweli hauangalii anayeusema. Asiyekupenda anaweza kusema kweli juu yako, na rafiki yako anaweza kukudanganya kwa nia njema kabisa. Anayepima hoja kwa kuuliza imetoka kwa nani amejifungia nje ya ukweli mwenyewe.

Kijana wa uhasibu alikuwa amesimama hapo hasa. Nilimwambia: tuseme ni kweli mwalimu ana bifu nawe. Je, insha yako ina kina? Hakupenda swali hilo. Aliona nimehamia upande wa pili. Lakini upande wa pili haupo. Bifu ya mwalimu ni jambo moja na kina cha insha ni jambo jingine, na yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Tukaisoma. Mambo manne yalikuwa yametajwa humo, kila moja kwa aya moja, na hakuna lililoulizwa "kwa nini". Mwalimu alikuwa mvivu wa maneno, na alikuwa amesema kweli.

Nyerere huyohuyo alifasiri tamthilia ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 akaitoa tena imerekebishwa, na jina jipya: Juliasi Kaizari. Fikiria. Rais wa nchi, anayeitwa Mwalimu na taifa zima; nani angethubutu kumpa C? Aliirudia kazi yake mwenyewe na kuweka marekebisho hadharani mpaka kwenye jalada. Karne nyingi kabla yake Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, alifanya hivyo kwa kiwango cha kutisha. Katika miaka yake ya mwisho, kama mwaka 427, akiwa mzee anayesomwa na Wakristo wa pande nyingi, alikaa akapitia vitabu vyake kimoja baada ya kingine na kuandika alipokosea na ambapo angesema vingine. Alikufa mwaka 430. Sisemi walikuwa watu wasiojipenda. Nasema thamani yao ilikuwa imewekwa mahali pengine, na kwa sababu hiyo waliweza kuyaachilia maandiko yao yapigwe.

Huku kwetu mahali hapo pana jina. Wamisionari Wajerumani wa Kiadventista walianza kituo chao cha Giti mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig nao wakapanda milima hii; vitukuu vya waliobatizwa wakati ule bado wanabishana juu ya Sabato kwenye harusi na misiba. Lakini jambo moja sisi na jirani zetu Walutheri hatubishani: mtu hahesabiwi haki kwa matendo yake. Nimelisikia fundisho hilo tangu utotoni, na nimelifundisha mimbarani, bila kuliona lina uhusiano wowote na kalamu nyekundu. Siku hizi naona ndilo linaloeleza kinachowasumbua vijana hawa. Ikiwa thamani yangu inategemea kazi yangu, kila anayeigusa kazi yangu ananigusa mimi, na itabidi nijilinde: kwa kutosikiliza, au kwa kufuta, au kwa kupigana. Ikiwa thamani yangu ilishaamuliwa kabla sijashika kalamu, basi kazi yangu iko huru kuhukumiwa, hata kwa ukali, hata na mtu asiyenipenda.

Mzee mwenzangu wa kanisa, aliyesikia hoja hii tukingoja ibada ianze, aliipinga papo hapo. Akasema Yakobo naye yumo kwenye Biblia, na imani isiyo na matendo aliiita mfu. Tena Bwana alisema watu watatambuliwa kwa matunda yao. Ukimwambia kijana kwamba yeye si kazi yake, utamlea mvivu. Ni pingamizi zito, na siwezi kulipuuza. Nilimjibu kwa kitu anachokijua kuliko mimi, kahawa. Anapopita na mkasi kwenye mikahawa yake, anatumia muda gani kwenye mti uliokwisha kufa? Haugusi, ataung'oa akipata nafasi. Mkasi unafanya kazi kwenye mti unaozaa. Injili ya Yohana inasema neno hilohilo kuhusu matawi ya mzabibu. Anayepogolewa hakukataliwa. Amehesabiwa miongoni mwa wanaotarajiwa kuzaa.

Kanisa letu lina utaratibu unaoliweka wazo hili kwenye vitendo, ingawa wengi wanauogopa. Mshiriki akikosa sana, kanisa linaweza kumweka chini ya maonyo kwa muda unaotajwa, usiopungua mwezi 1 na usiozidi miezi 12. Anaambiwa kosa. Anaambiwa muda. Hana wadhifa kwa kipindi hicho, lakini bado ni mshiriki, na benchi lake lipo. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo, na nimeona tofauti kati ya aliyeelewa kwamba bado ni wetu na aliyeondoka akiamini ametupwa. Wa kwanza hurudi. Maonyo yaleyale, maneno yaleyale. Kilichotofautiana ni kama mtu aliamini yumo ndani au yuko nje.

Mwanafunzi anayesoma maoni ya mwalimu wake anahitaji kujua hilohilo: kosa gani, njia ipi ya kurudi, na kwamba bado yumo. Vyuo vinaweza kusaidia kwa mambo madogo. Rasimu ya kwanza isomwe na iandikiwe maoni bila alama. Mwanafunzi ajibu kila oni kwa sentensi moja: nakubali, au sikubali kwa sababu hii, au sijaelewa. Mhadhiri mwenye wanafunzi wengi mno aandike machache, lakini yawe ya insha ile na si ya insha yoyote.

Sehemu kubwa ya lawama, hata hivyo, naiweka kwetu sisi tuliobaki mlimani. Mtoto akichaguliwa kwenda chuo kikuu, ukoo unachanga, mbuzi wanauzwa, tangawizi inavunwa kabla haijakomaa vizuri kwa sababu ada haingoji. Kisha kila akipiga simu tunauliza, umepata ngapi? Hatujawahi kuuliza, umeandika nini? Mtoto anajifunza kutoka kwetu kwamba yeye ni ile namba. Halafu tunamtaka apokee marekebisho kwa unyenyekevu, wakati tumepakia ukoo mzima juu ya karatasi moja. Unyenyekevu wa namna hiyo hauwezekani. Anayejua kwamba C yake italetwa kwenye kikao cha familia atajitetea mpaka mwisho, na mimi nisingemlaumu.

Binti wa ndiva aliirudisha ile aya. Alikwenda kwa babu yake na daftari, akamuuliza upya, akaandika tarehe na mahali pa mahojiano. Nilimwambia kwamba Kimambo, alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, aliijenga kwa kiasi kikubwa juu ya masimulizi ya wazee kama huyu, na kwamba "nani alikuambia?" ndilo swali lililombidi alijibu tangu ukurasa wa kwanza. Msimamizi wake alipoisoma rasimu mpya hakuandika sifa wala lawama. Aliandika swali jingine: je, wanawake waliokuwa na mashamba yao walipewa zamu ya maji? Binti akamuuliza babu. Babu akakohoa kwanza, akasema hilo aulizwe bibi. Sasa ripoti ina aya mbili ambazo hazikuwepo, na moja inapingana kidogo na nyingine, na hakuna aliyezifuta.

Kijana wa uhasibu alitaka kujua kama namzuia kukata rufaa. Simzuii. Vyuo vina taratibu za rufaa, na babu zetu walitembea mpaka Same kudai waonyeshwe kipimo. Aende naye akadai chake. Nilimwomba tu kwamba kabla ya kuipeleka barua, aandike upya aya zile nne, kila moja ikijibu "kwa nini" yake. Alisema hilo halitabadilisha alama. Ni kweli, halitabadilisha. Akishinda kesi atapewa B, na insha itabaki haina kina.